Kabla ya presi, mizani: vifaa vya kuanzia kushindilia risasi nyumbani

Kila Oktoba, msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia huku Minnesota, hunipigia simu Mswahili mmoja au wawili ambao wameshanunua bunduki na sasa wameona bei ya risasi dukani. Wamesikia kuwa Wamarekani wengi huziokota risasi zilizokwisha kupigwa, wakazitengeneza upya gereji kwao, kazi ninayoiita hapa kushindilia. Swali lao huwa lile lile: "Kaka, ninunue presi gani?" Presi ni mashine ya mkono ya kazi hiyo. Jibu langu huwaudhi, maana huanza na habari za mizani.

Nina sababu. Ila kabla ya kufika huko, kuna neno moja la Kiswahili la kufumua, kwa kuwa linaficha nusu ya kazi.

Tunasema "risasi" tukimaanisha metali ile nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri za magari. Tunasema "risasi" tukimaanisha kile kipande kinachoruka na kwenda kulenga. Na tunasema "risasi" tukimaanisha kitu kizima kinachotiwa kwenye bunduki. Kwenye mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea. Dukani utapotea, kwa sababu anayeshindilia risasi hanunui risasi nzima, ananunua viungo vyake: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichokaa mdomoni. Pini ya bunduki huigonga fataki, fataki hutoa cheche, baruti huwaka, na gesi yake hukisukuma kichwa kupita mtutuni. Kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Kilichobaki mkononi ni ganda, na ganda ndilo ghali kuliko vyote kwa kawaida. Ndiyo biashara yenyewe: usitupe kitu ghali ambacho bado kizima.

Neno "kushindilia" nimelichagua kwa makusudi. Wazee waliotumia gobore walimimina baruti mtutuni, wakaishindilia, wakatia gololi, kisha wakaweka fataki. Kila mlio waliutengeneza wenyewe papo hapo, na aliyezidisha baruti alijua kosa lake siku hiyo hiyo. Ganda la metali lilipokuja karne ya 19 halikuifuta kazi hiyo, liliihamisha tu kutoka mtutuni hadi mezani. Wawindaji wa nyati katika nyanda za Marekani walibeba vifaa vya mkono mfano wa koleo na kushindilia maganda yao kambini.

Niweke na mpaka wa makala haya. Nazungumzia Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimtaki mtu leseni kwa risasi anazojitengenezea mwenyewe. Akianza kuziuza kama biashara, leseni inahitajika. Majimbo na miji ina masharti yake juu ya hapo, na mkataba wa nyumba ya kupanga unaweza kuwa na yake pia. Kenya na Tanzania ni habari nyingine kabisa: Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi ya 2015 zinaufanya utengenezaji wa risasi bila kibali kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo usimfungashie shemeji zawadi ya presi ukienda likizo. Fataki na baruti ndiyo kabisa, haziruhusiwi ndegeni, si kwenye mkoba wala kwenye mzigo wa chini.

Ganda linavyojinyoosha

Ukielewa linalolipata ganda ndani ya bunduki, orodha ya vifaa inajieleza yenyewe.

Baruti ikiwaka, shinikizo hupanda kwa kiasi ambacho akili haikizoei. SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilichoanzishwa 1926, kimeweka kikomo cha risasi ya bastola ya 9mm kuwa pauni 35,000 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la Corolla lina kama 33. Ni tairi lako mara elfu moja, ndani ya kitu unachokishika kwa mkono, na hiyo ni bastola. Risasi ya bunduki ya .308 inaruhusiwa kufika 62,000.

Chini ya shinikizo hilo ganda hutanuka, likajibana na kuta za chemba, yaani chumba cha bunduki inamokaa risasi, na kuziba gesi isimrudie mpigaji usoni. Kisha hunywea kidogo, ndiyo maana linatoka. Ila halirudi lilivyokuwa. Limebaki nene kidogo, na kwa bunduki zenye nguvu limerefuka pia. Ukilitia kichwa kipya hivyo hivyo litagoma kuingia kwenye chemba, au kichwa kitapwaya mdomoni.

Ndipo inapohitajika kalibu. Ni bomba fupi la chuma kigumu lenye tundu la umbo la ganda lilivyotakiwa kuwa. Ganda linasukumwa humo kwa nguvu, linabanwa lirudi saizi yake, na wakati huo huo pini iliyo katikati inaitoa fataki iliyokufa. Kalibu ya pili hukikalisha kichwa kipya kwa kina kinachotakiwa. Kwa maganda ya bastola, yaliyonyooka kama kikombe, huwa kuna ya tatu inayoutanua mdomo kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. (Wapenda lugha watafurahi: neno letu kalibu limetoka kwenye qalib ya Kiarabu, na wanaisimu wengi hulitaja neno hilo hilo kama asili ya neno la Kizungu la ukubwa wa mtutu, kaliba. Kwa hiyo anayesema kaliba na anayesema kalibu huenda wanarudi kwa babu mmoja.)

Hapa mnunuzi mpya ana bahati. Kalibu karibu zote zinazouzwa Marekani zina skrubu ya kipimo kimoja, inchi 7/8 zenye nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo kalibu ya Lee hukaa kwenye presi ya RCBS na ya Hornady hukaa kwenye ya Redding. Usikubali kuambiwa kwamba ukichagua kampuni moja umefunga ndoa nayo.

Jambo moja la kalibu linastahili pesa za ziada. Kwa maganda yaliyonyooka ya bastola, nunua kalibu yenye pete ya kabaidi. Metali hiyo ni ngumu na laini kiasi kwamba ganda halihitaji kupakwa mafuta. Kwa maganda ya bunduki ndefu, yenye bega na shingo kama chupa, mafuta ni lazima, na hapa hakuna ujanja. Ganda kavu likibanwa ndani ya kalibu linanasa, ukivuta mkono wa presi kitako kinakatika, na ganda linabaki humo kama jiwe. Kila mtu ninayemjua katika kazi hii amelinasisha ganda moja. Mimi nilinasisha mawili wiki moja, la pili kwa sababu nilikuwa na hasira na la kwanza.

Presi, kwa ufupi kuliko wanavyotaka wauzaji

Presi ni wenzo tu. Inakupa nguvu ya kulisukuma ganda ndani ya kalibu kwa kuvuta mkono mmoja. Ziko za aina tatu, na tofauti yake ni idadi ya kazi zinazofanyika kwa mvuto mmoja.

Presi ya hatua moja hushika kalibu moja. Unaweka kalibu ya kubana, unabana maganda yako yote hamsini, unaitoa, unaweka inayofuata, unayapitisha yote tena. Presi ya kichwa kinachozunguka hushika kalibu nne au zaidi kwenye sahani ya juu. Unaizungusha badala ya kufungua na kufunga. Presi ya mfululizo, ambayo Dillon wa Arizona ndio waliojijengea jina kwayo, ina vituo kadhaa vinavyofanya kazi pamoja: kila ukivuta mkono, ganda moja linabanwa, jingine linajazwa baruti, jingine linapewa kichwa, na risasi moja iliyokamilika inadondoka kwenye kikapu. Aliyezoea hutoa mia kadhaa kwa saa. Wa hatua moja, hamsini kwa saa ni mwendo mzuri.

Kijana yeyote ataangalia tarakimu hizo na kusema jibu liko wazi. Mimi namwuliza: mashine ikikwama katikati ya mvuto, na itakwama, utajua ni ganda lipi limeshapata baruti na lipi bado? Fundi mzoefu anajua, au anasafisha vituo vyote na kuanza upya bila uchungu. Anayeanza husukuma tu iende.

Kwenye presi ya hatua moja maganda hamsini yaliyojazwa husimama pamoja kwenye kibao cha matundu, midomo juu. Unamulika kurunzi kwa kuilaza kidogo, unapitisha macho mstari hadi mstari. Lililokosa baruti linaonekana kama shimo. Lililopata mara mbili limejaa kuliko ndugu zake. Hakuna teknolojia hapo, ni macho na mwanga, na hakuna kifaa kingine kitakachokulinda zaidi. Ndiyo sababu natetea presi ya hatua moja, wala si ubahili. Ukija kupanda daraja baadaye haitalala bure. Wengi wenye mashine za mfululizo bado wana ile ya kwanza pembeni kwa kazi ndogo ndogo.

Ukiichagua, tafuta iliyo na fremu iliyofungika mduara badala ya iliyo wazi upande mmoja, na kwa bunduki ndefu afadhali ya chuma kuliko ya alumini. Nunua iliyotumika ukiipata: chuma cha namna hiyo hakizeeki, na presi ya miaka arobaini yenye kutu ya juu juu hufanya kazi sawa na mpya. Muhimu zaidi ni meza. Presi iliyofungwa kwenye meza inayotikisika ni mateso, na mtikisiko huo huo unamwaga baruti kutoka kwenye kibao.

Usisahau kishikio cha ganda, kipande kidogo chenye mfereji unaokamata kitako. Kila familia ya maganda ina chake. Nimemwona mtu amenunua kila kitu hadi mafuta ya kupaka, akafika nyumbani, kazi ikalala wiki nzima kwa kukosa kipande cha dola chache.

Mizani

Sasa tufike.

Baruti hupimwa kwa greini, kipimo cha zamani kilichotokana na uzito wa punje ya nafaka. Pauni moja ina greini 7,000. Greini moja ni kama miligramu 65. Anayeshindilia hufanya kazi kwa sehemu moja ya kumi ya greini, yaani miligramu sita na nusu, karibu robo ya punje moja ya mchele. Risasi ya bastola huchukua greini chache tu, na ganda lake mara nyingi lina nafasi ya kubeba mara mbili ya hizo bila kumwagika. Hapo ndipo penye balaa. Presi mbovu itakupa risasi iliyopinda, utaiona na kuitupa. Mizani mbovu itakupa risasi nzuri, inayong'aa, iliyonyooka, na yenye shinikizo ambalo bastola yako haikuundwa kulibeba.

Upungufu nao si salama. Risasi iliyokosa baruti kabisa hupata msukumo wa fataki peke yake, wa kutosha kukipeleka kichwa ndani ya mtutu kikakwama humo. Mlio unakuwa hafifu, kama mtu aliyekohoa. Asiyeng'amua akapiga ya pili nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka.

Kwa hiyo nikipewa pesa kidogo, mizani ndiyo nitakayoilipia vizuri. Ziko za aina mbili. Mizani ya mkono ina ufito unaoning'inia kwenye ncha, na uzito unaousogeza kwenye mistari. Ni ya polepole, haina betri, na inategemea nguvu ya mvutano wa dunia, ambayo haijawahi kuishiwa chaji. Mizani ya kidijitali ni ya haraka na raha kutumia, lakini ina tabia zake: inataka kupata joto kwanza kabla ya kuaminika, inayumbishwa na upepo wa feni, na baadhi huyumba ukiweka simu karibu. Mbaya kuliko yote ni kitufe cha kubadili kipimo. Mizani hizi husoma gramu na greini, na alama zake zinafanana kwa macho ya mtu mwenye haraka. Gramu moja ni greini 15 na zaidi. Fikiria umegusa kitufe bila kujua.

Mimi ninazo zote mbili na hukagua moja kwa nyingine, ila anayeanza na moja aanze na ya mkono. Na aina yoyote utakayochagua, nunua mawe ya mizani. Muuza nyama wa sokoni haaminiwi bila mawe, sembuse wewe. Seti ndogo ya mawe ya greini hugharimu pesa kidogo; kila ukikaa mezani unaweka jiwe linalokaribiana na uzito unaotaka kupima, unaona kama mizani inasema kweli, ndipo unafungua chupa ya baruti.

Kisha kuna kipimio cha ujazo, ile ngoma ndogo yenye mkono inayodondosha kiasi kile kile kila ikizungushwa. Ni kifaa kizuri, lakini kinapima nafasi, si uzito, na baruti za vijiti virefu hukatwa katikati na kukidanganya. Anayeanza atosheke na vijiko vya plastiki, kisahani, na kidondoshi cha kuongezea punje moja moja hadi ufito ulale sawa. Kwa risasi ishirini za kulungu hutahitaji zaidi ya hapo.

Kitabu, na baruti isiyo na jina

Sijasema kitu cha kwanza cha kununua, kwa sababu si chuma. Ni kitabu cha vipimo. Lyman, Hornady, Sierra, Speer na Nosler wote huchapisha vitabu vyao, na kila kimoja hueleza kwa kila ganda na kila kichwa ni baruti gani imejaribiwa, ianzie kiasi gani na isivuke kiasi gani. Anza na kiasi cha chini, usianze na cha juu. Nunua hata viwili, uone vinavyotofautiana kidogo, na ujiulize kwa nini: mtutu mwingine, fataki nyingine, kichwa kilichokaa kwa kina kingine. Hilo ni somo la kutosha kwa nini usichukue kipimo kutoka kwa mtu aliyekurushia WhatsApp.

Baruti ya kisasa isiyotoa moshi mwingi, iliyoanza na kemia wa Kifaransa Paul Vieille mwaka 1884, si baruti nyeusi ya gobore. Ipo ya vijiti, ya vibapa na ya mipira midogo, na nyingi zina rangi ile ile ya kijivu kilichoiva. Moja inaungua haraka kwa ajili ya bastola, nyingine polepole kwa bunduki kubwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ukizibadilisha madhara yake si ya kusimulia. Ndiyo maana mezani huwa na chupa moja tu wakati wowote, ya kwake, yenye kibandiko chake. Nikikuta chupa isiyo na jina, hata kama ni yangu mwenyewe, siitumii. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue baruti iliyofunguliwa kutoka kwa mtu anayeuza vitu vya marehemu babu yake; nunua kwake presi, chupa muachie.

Kuhusu fataki, kuna kichekesho cha historia. Mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan kila mmoja alipata hataza ya muundo wake. Ule wa Mwingereza ukatawala Marekani, na wa Mmarekani ukashika Ulaya. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo pini ya kalibu inaisukuma fataki nje bila shida. La Berdan lina matundu mawili pembeni, na pini itavunjika ikijaribu. Ukiokota maganda uwanjani, mulika ndani: tundu moja, chukua, mawili, acha. Maganda ya jeshi ya 5.56 nayo yana fataki iliyobanwa pembezoni, na yatataka kifaa cha kuondoa mbano huo, kwa hiyo usianze nayo.

Vidogo vidogo

Kalipa ya vernia utaihitaji kwa mambo mawili, urefu wa ganda na urefu wa risasi nzima. Ukisoma 7.62×51, hiyo 51 ni urefu wa ganda kwa milimita, na si mapambo. Ganda lililorefuka kupita kiasi hujikunja mdomo ndani ya chemba, likakibana kichwa kisitoke kwa wakati wake, shinikizo likapanda. Kwa maganda yenye shingo utahitaji basi kikatio cha kuyapunguza na kisu kidogo cha kusawazisha mdomo. Kwa maganda ya bastola sijawahi kukata hata moja.

Nyundo ya kung'olea ni kichekesho kingine cha kazi hii. Unaingiza risasi uliyoikosea ndani ya kichwa cha nyundo ya plastiki, unagonga chini mara mbili tatu, kichwa na baruti vinatoka. Hakuna anayeamini ataihitaji. Inunue siku ile ile na presi, pamoja na miwani ya kinga.

Kusafisha maganda kuna mashine zake zinazotetemeka, na ndani yake hutiwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi yale yale tunayowashia moto. Yanang'arisha vizuri sana. Ila vumbi linalobaki lina madini ya risasi yaliyotoka kwenye fataki zilizoungua, na ukilimwaga sebuleni unaliwekea watoto sumu. Mashine ikae nje au gereji, mlango wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chapati. Anayeona uvivu aache kung'arisha kabisa: ganda safi ni lazima, ganda linalong'aa ni urembo.

Je, seti ya sandukuni?

Kampuni karibu zote huuza sanduku la wanaoanza: presi, mizani, kipimio, kibao, kitabu. Bei yake ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, na kwa mtu asiye na muda si uamuzi mbaya. Kwanza hakikisha kisichomo, kwa sababu kalibu karibu haziwemo kamwe na kalipa ni nadra. Pili, angalia ni mizani gani. Katika sanduku la bei ya chini, hapo ndipo walipobania. Ukiona mizani ya kidijitali ya mfukoni, hesabu kwamba utanunua nyingine, na uiongeze kwenye bei.

Na akiba? Inategemea unapiga nini. Risasi za 9mm hutengenezwa viwandani kwa wingi mno, na faida yako kwa kila moja ni senti chache. Vifaa vitachukua miaka kujilipa. Kwa .308 au .30-06 ya kulungu hali ni nzuri zaidi. Faida kubwa iko kwa walio na bunduki adimu au kubwa, kama .375 Holland & Holland ya 1912 au .416 Rigby ya 1911, zilizopata sifa zake kwenye uwindaji wa wanyama wakubwa Afrika na ambazo risasi moja ya dukani hugharimu dola kadhaa. Wapo Wamarekani wasiowahi kukanyaga Arusha wanaozitunza bunduki hizo kama mayai, na bila kushindilia wasingezipiga. Wengine wote hujikuta wanatumia pesa ile ile na kupiga zaidi.

Tena viungo vyenyewe hupotea sokoni. Mwaka 2020 fataki ziliadimika madukani, zilizopatikana zikauzwa kwa bei ya kuruka, na mwenye presi tatu na asiyenazo wakakaa sawa. Si jambo jipya. Fred Huntington wa Oroville, California, aliyeanzisha RCBS mwaka 1943, aliingia biashara hii kwa sababu vita vilikuwa vimekausha vichwa vya risasi. Alibuni kalibu za kuvitengeneza, akatumia maganda matupu ya .22 kama ngozi ya nje. Herufi za kampuni yake zinahifadhi jina la kifaa hicho, kilichoitwa kwa jina la mnyama mdogo wa milimani aliyekuwa akimwinda, mfano wa pimbi.

Anayeniuliza sasa humwambia hivi: kitabu wiki hii, ukisome bila kununua kingine. Wiki ijayo mizani na mawe yake. Presi itafuata, hata ya mitumba, na kalibu za bunduki moja tu. Baruti chupa moja, fataki kiasi kidogo, vyote ndani ya vifungashio vyake vya awali, mbali na joto na mbali na watoto, baruti mahali pamoja na fataki mahali pengine. Redio izimwe.

Na simu iwekwe chumba kingine. Ikilia nikiwa katikati ya kujaza, na nikaipokea, nikirudi sikumbuki niliishia ganda la ngapi. Hapo namimina baruti yote irudi kwenye chupa yake na kuanza na ganda la kwanza. Mke wangu alishazoea; akitaka nipokee, anakuja gereji na kusubiri mlangoni mpaka nimalize mstari.